Sukari Inayofichua Saratani, na Mipaka Yake

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam akiambiwa anahitaji kipimo cha PET alijua kinachofuata: pasipoti, tiketi ya ndege na safari ya India. Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilifungua kituo chenye mashine hiyo pamoja na mtambo wa kutengenezea dawa yake, cha kwanza Afrika Mashariki. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata na kituo chake, na Tanzania nayo ikaanzisha mradi wa namna hiyo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kipimo kilichokuwa cha kusimuliwa sasa kinaandikwa kwenye karatasi ya daktari, ndugu wanachangishana kukilipia, na kila anayerudi na picha zake anataka jibu la jambo moja: hilo doa ni saratani au si saratani?

Picha haiwezi kujibu swali hilo peke yake. Inaonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari kwa wingi saa hiyo, na katika mwili wa binadamu walaji wa sukari ni wengi: ubongo, moyo, misuli iliyochoka, kidonda kinachopona, kifua kikuu, na saratani. Hoja ya makala hii ni kwamba kipimo hiki kina thamani kubwa pale ambapo daktari anajua tangu mwanzo atachukua hatua gani jibu likiwa hivi, na hatua gani likiwa vile. Pasipo hilo, familia imenunua picha ya bei ghali. Ili kuona kwa nini, inabidi kuanza na seli yenyewe.

Ulafi wa seli

Katika miaka ya 1920 mjini Berlin, Otto Warburg alipima vipande vya uvimbe wa saratani na kukuta vinameza glukosi kwa kasi kubwa kuliko tishu nyingi za kawaida, kisha vinaigeuza kuwa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwa tele. Hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu seli yenye oksijeni ya kutosha kwa kawaida huivunja glukosi hadi mwisho na kupata nishati nyingi zaidi. Warburg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake kuhusu kimeng'enya cha upumuaji wa seli, aliamini kwamba kuharibika kwa upumuaji huo ndiko chanzo cha saratani. Katika hilo hakupatia. Seli nyingi za saratani zinapumua vizuri tu. Zinakula sukari nyingi kwa kuwa, mbali na nishati, zinataka malighafi ya kujenga seli mpya kila mara. Lakini alichokipima kilikuwa kweli, na ndicho kinachotumika leo.

Glukosi huingia kwenye seli kupitia protini maalumu za utando wake, na seli za saratani mara nyingi huwa na protini hizo kwa wingi. Ikishaingia, kimeng'enya kiitwacho heksokinesi huibandika fosfati, na hapo safari ya kuivunja huanza. Dawa ya kipimo, florodeoksiglukosi au FDG kwa kifupi, ni glukosi iliyoondolewa kundi moja la oksijeni na hidrojeni kwenye kaboni yake ya pili, na mahali pake pakawekwa florini-18, ambayo ni nururifu. Mlangoni seli haitambui tofauti. Heksokinesi nayo haitambui, inaibandika fosfati kama kawaida. Kimeng'enya kinachofuata ndicho kinachoshindwa, maana kinalihitaji lile kundi lililoondolewa. Na kwa kuwa kitu chenye fosfati hakipiti tena kwenye utando, FDG imenaswa ndani kama samaki aliyeingia dema. Kadiri seli inavyokula ndivyo inavyorundika.

Florini-18 hutoa pozitroni, ambayo ni elektroni yenye chaji chanya. Pozitroni haifiki mbali. Katika tishu husafiri kwa wastani chini ya milimita moja, ikakutana na elektroni, zote mbili zikatoweka, na kukatoka fotoni mbili zinazokwenda pande zinazopingana. Mashine ya PET ni pete ya vigunduzi vinavyomzunguka mgonjwa. Vigunduzi viwili vikipigwa kwa wakati mmoja, kompyuta inajua kwamba tukio lilitokea mahali fulani kwenye mstari unaoviunganisha. Mistari ikishafika mamilioni, ramani ya sukari inajitokeza.

Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya ubongo

Molekuli yenyewe, bila mionzi, ilitengenezwa Prague mwishoni mwa miaka ya 1960 na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Charles, Josef Pacák, Zdeněk Točík na Miloslav Černý. Nchini Marekani, Louis Sokoloff wa Taasisi za Taifa za Afya alikuwa ameonyesha kwamba deoksiglukosi yenye kaboni-14 hupima ulaji wa sukari katika ubongo wa mnyama. Tatizo ni kwamba mnyama alilazimika kuuawa na ubongo wake kukatwa vipande ili majibu yasomwe. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitaka kuona jambo hilohilo kwa mtu aliye hai. Katika maabara ya taifa ya Brookhaven, New York, Tatsuo Ido, Joanna Fowler, Alfred Wolf na wenzao wakafanikiwa kuipachika florini-18, na Agosti 1976 dawa ikapelekwa kwa ndege hadi Philadelphia, ambako Abass Alavi aliwadunga watu wawili wa kwanza, wote wakiwa wazima wa afya.

Lengo lilikuwa ubongo. Saratani ilikuja baadaye, Giovanni Di Chiro alipoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba uvimbe mkali wa ubongo hula FDG zaidi ya uvimbe mpole. Hata hivyo utengenezaji ulikuwa wa taabu na mavuno madogo. Mwaka 1986 Kurt Hamacher, Heinz Coenen na Gerhard Stöcklin wa Jülich, Ujerumani, walibuni njia mpya inayogeuza zaidi ya nusu ya florini iliyowekwa kuwa FDG, kwa muda wa chini ya saa moja, na mpaka leo vituo vingi vinafuata njia hiyo. Kikwazo cha mwisho kilikuwa kwamba PET huonyesha doa bila kuonyesha liko kwenye kiungo gani hasa. David Townsend na Ronald Nutt wakaiunganisha na CT, picha ya eksirei inayoonyesha viungo, katika mashine moja; ya majaribio ilianza kazi Pittsburgh mwaka 1998, na kufikia mwaka 2000 jarida la Time lilikuwa limeitaja kuwa uvumbuzi wa mwaka katika tiba. Tangu hapo daktari anapata ramani mbili zilizolaliana: moja ya maumbile, nyingine ya sukari.

Dawa isiyongoja

Nusu-uhai wa florini-18 ni takriban dakika 110. Kila baada ya muda huo nusu ya nguvu yake imekwisha, iwe imetumika au haijatumika. Hospitali haiwezi kuiweka akiba wala kuagiza shehena ya mwezi mzima kutoka Ulaya. Ratiba yote ya kituo cha PET inapangwa kuizunguka saa hiyo.

Kazi huanza usiku wa manane au alfajiri, wagonjwa wakiwa bado nyumbani. Mililita chache za maji yasiyo ya kawaida, yaliyorutubishwa kwa oksijeni-18, huingizwa kwenye saiklotroni. Katika maji ya bombani oksijeni hiyo ni takriban asilimia 0.2 tu ya oksijeni yote, ndiyo maana maji haya ni ghali na kila tone linahesabiwa. Saiklotroni inaziongeza protoni mwendo na kuzipiga kwenye maji hayo kwa saa moja hivi au mbili. Oksijeni iliyopigwa inameza protoni, inatema nyutroni, inakuwa florini-18. Florini inasukumwa kwa mrija hadi kwenye sanduku lenye kuta nene za risasi, na humo mashine inayojiendesha inaichanganya na sukari iliyoandaliwa, inaisafisha na kuichuja. Hakuna mkono wa mtu unaoigusa.

Kisha vipimo vya ubora, navyo vinakimbizana na saa. Mtaalamu anakagua kiwango cha asidi, usafi wa kikemia, mabaki ya Kryptofix iliyosaidia mmenyuko, sumu za bakteria, na kama kichujio kilibaki kizima. Kipimo kimoja hakiwezi kusubiriwa: kuotesha dawa kuona kama ina vijidudu huchukua siku 14, na kufikia siku hiyo dawa ilishatoweka na mgonjwa ameshapokea majibu yake. Kwa hiyo usalama unajengwa kwenye usafi wa mchakato wenyewe, na matokeo ya siku ya 14 yanatumika kuuhukumu mchakato.

Foleni za barabarani nazo zimo kwenye hesabu. Mgonjwa akichelewa saa mbili, dozi yake imepungua kwa zaidi ya nusu. Mashine ya picha ikizimika asubuhi, dozi za siku nzima zinafia chupani. Dawa ikisafiri dakika 220 kutoka mtamboni hadi kwenye mkono wa mgonjwa, imebaki robo, yaani ili afikiwe na dozi moja inabidi zitengenezwe nne.

Saa moja ya ukimya

Kwa mgonjwa, kipimo huanza jana yake. Anaambiwa asifanye kazi nzito wala mazoezi, kwa sababu misuli iliyochoka itaikomba FDG. Hali chakula kwa angalau saa nne hadi sita. Maji matupu anakunywa, tena anahimizwa, lakini chai ya rangi yenye sukari, peremende, soda na hata dawa ya kikohozi ya maji ni marufuku, na kama amelazwa ni lazima muuguzi ahakikishe dripu ya glukosi imefungwa. Akifika, kidole kinatobolewa kupima sukari. Ikizidi takriban milimoli 11 kwa lita, vituo vingi humpangia siku nyingine, kwa sababu glukosi halisi iliyojaa kwenye damu itagombea mlango uleule na FDG. Mwenye kisukari anahitaji mpango maalumu na daktari wake: akijidunga insulini muda mfupi kabla ya kipimo, insulini itaisukuma dawa kwenye misuli, na picha itatoka misuli imewaka mwili mzima huku uvimbe ukiwa hafifu. Metformini nayo hufanya utumbo ung'ae.

Anadungwa dozi ambayo mara nyingi haizidi megabekereli 400. Wenye kisukari huuliza kama sindano hiyo ya sukari itawapandishia. Hapana, kiasi chake ni kidogo mno, hakifikii hata kile cha punje moja ya sukari ya mezani. Baada ya hapo analazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu kwa karibu saa nzima. Anafunikwa blanketi, maana mwili ukihisi baridi mafuta ya kahawia ya shingoni na mabegani huanza kuchoma sukari ili kuzalisha joto, na yanaweza kufanana na tezi zenye saratani. Anaombwa asiongee na simu: misuli ya koromeo inayofanya kazi huwaka. Mwisho anakwenda haja ndogo, kwa sababu figo hazirudishi FDG kwenye damu kama zinavyorudisha glukosi, na kibofu kilichojaa kinaweza kuficha ugonjwa wa nyonga.

Ukiitazama picha yenyewe, kitu cha kwanza kinachoonekana ni ubongo, mweusi tii. Kiungo hicho ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini kinatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kibofu nacho ni cheusi. Moyo unaweza kuwaka au usiwake, kutegemea mlo wa mwisho. Ini ni kijivu. Msomaji wa picha anaanza kwa kuvitambua hivi vyote na kuviweka kando, kisha anatafuta kisichopaswa kuwapo.

Pale kinapobadili matibabu

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwenye tafiti ambazo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Uholanzi, katika utafiti wa hospitali tisa uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na saratani ya mapafu inayoweza kupasuliwa waligawanywa makundi mawili. Kundi lililopimwa kwa njia za kawaida, asilimia 41 walifanyiwa upasuaji wa kifua ambao haukuwafaa kitu. Kundi lililoongezewa PET, asilimia 21. Kipimo hakikumponya mtu. Kiliwaepusha wengine kupasuliwa kifua wakati saratani ilikuwa imeshasambaa.

Uingereza mwaka 2016 ilitoa matokeo ya wagonjwa 564 wenye saratani ya kichwa na shingo iliyokuwa imefika kwenye tezi. Badala ya kuwapasua wote shingo baada ya mionzi na tibakemia, nusu yao walipigwa picha ya PET/CT kwanza, wakapasuliwa wale tu waliohitaji. Upasuaji ulikuwa 54 kwa kundi la picha dhidi ya 221 kwa kundi jingine, na miaka miwili baadaye walio hai walikuwa asilimia 84.9 na 81.5. Maisha hayakupungua, na shingo nyingi zilinusurika kisu.

Katika limfoma ya Hodgkin picha hupigwa katikati ya tiba. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, Ufaransa, wakakubaliana mizani ya ngazi 5 inayolinganisha uvimbe na damu ya kifuani na ini la mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa RATHL, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wale ambao picha yao ilikuwa safi baada ya mizunguko miwili ya tibakemia wangeweza kuachishwa bleomisini, dawa inayojulikana kwa kuharibu mapafu: baada ya miaka mitatu, waliobaki bila ugonjwa kuendelea walikuwa asilimia 84.4, karibu sawa na 85.7 ya walioendelea nayo. Kwa kijana wa miaka 25 hilo ni jambo kubwa, maana mapafu hayo atayahitaji kwa miaka hamsini ijayo.

Kwa ukanda wetu, faida iliyo karibu zaidi ni kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018, kuonekana kwa ugonjwa kwenye tezi za limfu kunaipandisha saratani hiyo hadi hatua ya tatu. Tezi zilizo kando ya mshipa mkuu wa tumbo zikiwaka, mionzi inabidi ipanuliwe kufika huko. Zisipojulikana, mwanamke anamaliza wiki za tiba huku ugonjwa umeachwa nje ya eneo lililopigwa. Saratani ya umio, inayowasumbua watu wengi Kenya na Tanzania, na limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, zote hula FDG vizuri.

Nje ya saratani, kipimo hutumika kutafuta chanzo cha homa isiyojulikana, uvimbe wa kuta za mishipa mikubwa ya damu, maambukizi kwenye vali bandia ya moyo, na misuli ya moyo iliyo hai japo imeacha kudunda vizuri baada ya kuzibwa mishipa. Katika ubongo, penye ugonjwa ndipo panapofifia: Alzheimer hupunguza ulaji wa sukari sehemu za pembeni na nyuma, na chanzo cha kifafa mara nyingi huonekana kama pengo kati ya shambulio moja na jingine.

Vinavyong'aa na visivyong'aa

Seli za kinga zinapopigana hula sukari kwa pupa. Kwa hiyo kifua kikuu kwenye pafu kinaweza kufanana na saratani kiasi kwamba picha peke yake haivitenganishi. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa kwenye jarida la JAMA ulikuta kwamba uwezo wa FDG kumwondolea shaka mtu asiye na saratani ya mapafu ulikuwa asilimia 77 katika maeneo yasiyo na maambukizi ya mapafu kwa wingi, lakini asilimia 61 tu katika maeneo yenye maambukizi hayo. Afrika Mashariki imo katika kundi la pili. Na ugonjwa huo hauzimiki haraka: watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2016 kwamba wagonjwa wengi waliomaliza dawa za kifua kikuu na kuhesabiwa wamepona bado walikuwa na madoa yanayowaka mapafuni. Virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa huzifanya tezi mwili mzima ziwake, na chanjo iliyochomwa begani wiki chache nyuma inaweza kuwasha tezi za kwapa upande huo.

Kwa sababu hiyo, katika hospitali zetu kazi bora ya picha wakati mwingine ni kuonyesha mahali salama na penye shughuli zaidi pa kuchomeka sindano ya kuchukua kinyama. Patholojia, yaani uchunguzi wa kinyama hicho maabara, ndiyo inayotoa hukumu. Anayepokea majibu asitishwe wala asitulizwe na namba ya SUV, kadirio la FDG iliyorundikana, iliyoandikwa pembeni ya doa. Namba hiyo hubadilika kwa uzito wa mtu, sukari ya siku hiyo, dakika alizongoja na mashine iliyotumika, na hakuna kiwango ambacho juu yake ni saratani na chini yake si saratani.

Upande wa pili ni saratani zisizopenda sukari hii. Nyingi za tezi dume, ambayo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanaume wa Afrika Mashariki, hazing'ai vizuri. Baadhi za ini huificha kwa sababu seli zake zina kimeng'enya kinachoiondoa tena fosfati, na FDG ikaponyoka. Aina nyingine za figo, za matiti na zile zenye ute mwingi nazo hupita kimya, na uvimbe wenye upana usiofika milimita 8 hivi unaweza kukwepa macho ya mashine. Kwa tezi dume kuna dawa nyingine inayoshikamana na protini ya PSMA, na yaweza kutengenezwa kwa gali-68 inayokamuliwa kutoka kwenye kifaa kidogo kisichohitaji saiklotroni. Mzazi wake, jemani-68, ana nusu-uhai wa takriban siku 271, hivyo kifaa kimoja hutumika kwa miezi mingi.

Woga wa mionzi na woga wa sukari

FDG ya megabekereli 370 humpa mgonjwa takriban milisiveti 7, na CT huongeza yake kulingana na ilivyopangwa. Mionzi ya asili ya ardhi, anga na chakula hutupa kila mmoja wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa mtu anayeamuliwa kama apasuliwe au la, hiyo ni gharama ndogo. Saa 24 baada ya sindano, hata bila kuhesabu kilichotoka na mkojo, kilichobaki hakifiki sehemu moja kati ya 8,000. Anachoshauriwa ni kunywa maji, kwenda haja mara nyingi, na kukaa mbali na wajawazito na watoto wachanga kwa saa chache. Hesabu hubadilika kwa mtu mzima wa afya anayeuziwa picha ya mwili mzima ili ajue hali yake. Yeye anachukua mionzi bila dalili yoyote, na doa la bahati mbaya linaweza kumwingiza kwenye mfululizo wa vipimo, sindano na usiku usio na usingizi.

Ipo pia imani inayozaliwa na kipimo hiki: kama saratani inakula sukari, basi tuinyime sukari ife. Wagonjwa wanaacha chai, wengine wanaacha ugali, wali na matunda. Mwili hauendeshwi hivyo. Kiwango cha glukosi kwenye damu kinalindwa saa zote. Usipokula wanga, ini linatengeneza glukosi kutoka kwenye protini, na protini hiyo inatoka kwenye misuli ya mgonjwa. Anayepungua uzito katikati ya tibakemia anahitaji kula. Kufunga kwa saa sita kabla ya picha ni kwa ajili ya picha tu.

Kipi kitangulie

Kwa serikali na hospitali, fizikia ya dakika 110 inatoa ushauri wake. Saiklotroni moja inaweza kuhudumia mashine kadhaa za picha zilizo ndani ya saa mbili za barabara au ndege, kwa hiyo nchi inafaidika zaidi hospitali zikigawana dawa ya mtambo mmoja kuliko kila moja ikijenga mtambo wake na kuuendesha nusu tupu. Mtambo unataka umeme usiokatika, mafundi, wanakemia wa dawa nururifu na mkaguzi wa mionzi. Kupata watu hao na kubaki nao ni kazi ngumu kuliko kununua mashine.

Lakini hata hayo yanakuja baadaye. Mgonjwa ambaye kinyama chake kimekaa wiki nyingi bila kusomwa, ambaye mashine ya mionzi ya hospitali yake imeharibika, au ambaye dawa za tibakemia zimekwisha kwenye stoo, hawezi kunufaika na picha hata iwe kali kiasi gani. Patholojia, mionzi, upasuaji na dawa ndivyo vinavyoipa PET kazi ya kufanya. Nchi inayonunua mashine ya PET wakati patholojia yake imesimama itakuwa na picha nzuri za magonjwa isiyoyatibu.

Kwa familia inayokaa kupanga mchango, maswali matatu yanatosha kupelekwa kwa daktari. Tiba itabadilika vipi kama picha ikitoka safi, na vipi kama ikitoka na madoa? Aina hii ya saratani hula FDG, au inahitaji dawa nyingine ya picha? Na katika mwili huu, wenye historia yake ya kifua kikuu, kisukari, upasuaji au chanjo, ni kitu gani kingine kinaweza kung'aa? Daktari mwenye majibu ya maswali hayo atakuwa ameagiza kipimo kinachostahili pesa hiyo. Asiyekuwa nayo, fedha hizo ziende kwanza kwenye kusomesha kinyama na kununua dawa ambayo tayari imeandikwa.